Msiniandike Weyzero

Fundi aliyekipaka rangi kibao cha Askale alikipaka mara mbili. Mara ya kwanza aliandika W/ro Askale, Ushonaji wa Nguo za Kike, kwa sababu alimwona mwanamke wa makamo mwenye mvi chache juu ya paji la uso, akadhani Weyzero, yaani mwanamke aliyeolewa, ndiyo adabu. Askale akamrudisha juu ya ngazi. Akasimama chini mikono kiunoni mpaka ile ro ikafutwa na t ikakaa mahali pake. W/t, yaani Weyzerit, binti ambaye bado hajaolewa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Mimi nilikuja Dessie kwa ndoa, kutoka Kombolcha kule chini kwenye joto, na baridi ya mlima Tosa sijaisamehe hadi leo. Askale ndiye aliyenishonea koti langu la kwanza, akanikaribisha kahawa, na tangu siku hiyo tukawa watu wa buni moja. Alikuwa mcheshi, mwenye maneno makali, na mtu asiyependa kuonewa huruma. Jambo moja tu hakukubali kutaniwa nalo, nalo ni hilo la herufi.

Siku moja nilimsindikiza ofisi ya mtaa kubadilisha kitambulisho. Karani alikuwa kijana mwenye tai fupi. Akamtazama, akaandika W/ro bila kuuliza. Askale akamrudishia karatasi.

"Mama, kwa umri huu nikuandike Weyzerit watu watanicheka," kijana akasema. "Weyzero ni heshima."

"Heshima ya nani? Ngoja nikufundishe, shule hawakukufundisha."

Na akamfundisha kweli, foleni nzima ikisikiliza. Akamwambia kwamba zamani neno Weyzero lilikuwa la mabinti wa majumba ya kifalme peke yao. Mke wa mkulima angejiita hivyo angechekwa mpaka ahame kijiji. Likashuka taratibu kwa wake wa makabaila, likaja kwa wake za matajiri, kisha wa makarani, na leo hata muuza vitunguu akishafunga ndoa ni Weyzero. Hata Ato, ambalo kila mwanamume mwenye suruali huandikiwa, lilikuwa neno la wakubwa. Weyzerit ni mkia tu uliobandikwa baadaye, mashule na maofisi yalipotaka kujua msichana yupi bado yuko kwao.

"Kwa hiyo neno hilo limetembea kutoka ikulu mpaka sokoni," akamalizia, "na kwangu bado halijafika. Siku likifika nitakuja mwenyewe nikuambie. Andika W/t."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na kijana akaandika.

Kwetu W na mkwaju wake ni kitu cha kila siku. Wubshet, mwenyekiti wa idir, chama chetu cha kuzikana, ni mtoto wa W/Mariam, na hapo W ni Wolde, maana yake mwana: mwana wa Maria. Mwanajeshi asiye na cheo naye huandikwa W/r. Askale alikuwa na bahasha moja ya mchumba wake aliyoitunza, imeandikwa nje kwamba inatoka kwa W/r Demissew inakwenda kwa W/t Askale. Alipenda kusema kwamba yeye na Demissew walianza kufanana majina kabla hata ya harusi.

Demissew alikuwa dereva wa lori, mtu wa Gojjam, hana ndugu Dessie. Alipotaka kuposa, wazee wa idir yetu ndio waliosimama kama baba zake. Posa ikakubaliwa, pete ikavishwa, kadi zikachapishwa: Ato Demissew na W/t Askale. Kadi ya harusi ndiyo mahali pa mwisho ambapo mwanamke wa kwetu huandikwa hivyo. Lakini baba yake Askale akaugua, siku ikasogezwa, na mara Mfungo Mkuu ukaingia. Kanisa halifungi ndoa wakati wa mfungo. Wakasema haidhuru, Pasaka si mbali. Katikati ya mfungo, vita vya mpakani vikapamba moto kule kaskazini, Demissew akachukuliwa jeshini. Pasaka ikaja, yeye hakuja.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtamwelewa. Kwetu habari ya kifo haisemwi ovyo. Huwezi kukutana na mtu sokoni ukamwambia kaka yako amekufa. Huo ni unyama. Wazee hukusanyika, wakaja alfajiri kabla mtu hajatia kitu kinywani, wakagonga mlango, na nyuma yao wanasimama wanawake tayari kumdaka atakayeanguka. Hiyo ndiyo merdo. Nyumba ambayo haijagongwa haina msiba, hata kama dunia nzima inajua.

Vita vilipokwisha, milango mingi ya mtaa wetu iligongwa. Nimeambiwa kwamba miezi ile Askale alikuwa akiamka gizani, anavaa, anajifunga shali, anakaa kitini akiukabili mlango. Hawakuja kamwe. Naye akatoa hesabu yake: merdo haijaja, kwa hiyo Demissew yu hai. Labda yuko gerezani ng'ambo ya mpaka, labda aliumia kichwa akasahau kwao, labda alivuka Sudan. Kuna mwalimu mmoja mjane, Gizaw, mtu mpole mwenye watoto wawili wadogo, alituma wazee kumposa. Askale akawapa kahawa, akawaambia yeye ana mtu wake. Gizaw akaoa kwingine. Watoto wa ndoa yake hiyo ya pili hupita hapo dirishani pa Askale wakienda shule, na Askale alikuwa akiwashonea sare bila kuwatoza ushonaji.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya tefu, ikaja simu kutoka Gojjam kwamba mama yake Demissew amefariki. Idir ikachagua watu watatu waende kutoa mkono wa pole, mmoja wao mume wangu Seyoum. Askale aliposikia alifunga cherehani. Akalivaa shali lake jeupe lile darizi la ukingoni likiwa juu shingoni, kama wafiwa wanavyolivaa, akaenda kwa Wubshet. Alisema anakwenda kumzika mama mkwe wake.

Alirudi mapema mno. Alikaa jikoni kwangu bila kulivua lile shali, akawa anatazama kahawa mpaka ikapoa.

"Gashe Wubshet kaniambia mimi si mtu wa nyumba ile," akasema. Gashe ndivyo tunavyomwita mwanamume aliyetuzidi umri, na hata siku hiyo hakuliacha. "Kaniambia gari limejaa."

Sikuwahi kumwona Askale ameinamisha kichwa, na niliumia. Aliyefedheheshwa ukubwani hana pa kwenda kulilia.

Mimi nina ulimi, sikatai. Jioni nilimwandalia Seyoum injera na mchuzi wa shiro, nikaketi mbele yake, nisile.

"Gari lina viti saba na mnakwenda watatu," nikamwambia. "Nieleze hesabu hiyo."

"Kula, mwanamke."

"Nitakula ukinijibu."

Akamega tonge, akalichovya, akalirudisha kwenye sinia. Mwanamume anayerudisha tonge ana jambo.

"Kule kwao kuna jiwe la Demissew," akasema. "Mwili haukuletwa, lakini mama yake alimjengea jiwe kando ya ukuta wa kanisa, lina picha yake. Askale angeliona hata kabla hajashuka garini."

Nikamwuliza tangu lini. Akanieleza akitazama sinia. Vita vilipokwisha, merdo ilipelekwa kwa mama yake kule Gojjam, miaka kumi na minne iliyopita, na kasisi wa huko akaipigia idir yetu simu. Wazee wote walijua. Wake zao nao walijua, angalau wale wa zamani.

"Na mimi ni mke wa nani?" nikauliza.

"Wewe ungesema."

"Ningesema, ndiyo. Mnakunywa kahawa yake. Kila sikukuu mnakunywa kahawa yake, anawaombea heri, anasema mwakani Demissew atakuwepo, nanyi mnaitikia amina. Seyoum, uliitikia amina?"

Sinia ile tulimpa mbwa.

Wale watatu walikwenda Gojjam na kurudi. Siku ya pili yake nikaenda kwa Wubshet. Nisimseme vibaya kupita kiasi. Ni mzee aliyebeba majeneza kuliko miaka yake, na hakuna nyumba ya mtaa wetu ambayo hakuiwekea bega. Aliponiona tu alijua nimefuata nini. Akamwambia mkewe asilete kahawa.

Akaniambia merdo hupelekwa kwa mama, kwa mke, kwa watoto. Askale hakuwa mke. Mama ndiye aliyekuwa na haki ya kumwita mkwewe amlilie mwanawe pamoja naye, na wao wakangoja amwite. Kumbe mama naye kule alikuwa akingoja, akiamini kwamba wazee waliosimama kwenye posa wamekwisha kumwambia, akashangaa tu kwamba binti haji. Mpaka pande mbili zilipokuja kuelewana, mwaka ulikuwa umepita.

"Mwaka wa kwanza ilikuwa habari, mwanangu," akasema. "Baada ya hapo ikawa aibu yetu. Nani aende kugonga mlango aseme tulijua tangu mwaka jana? Na nisimame mlangoni niseme nini? Weyzerit, mume wako amekufa? Mdomo ungelitamkaje neno hilo?"

"Mngemwita vyovyote. Mngemwita Askale."

"Hujui desturi ya hapa."

"Desturi ya hapa naijua. Anaijua hata yeye, ndiyo maana bado anangoja. Mngekuwa watu wasio na desturi angekwisha kusikia sokoni, akalia, akaolewa."

Hapo mzee akafunika macho kwa kiganja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mtaa wetu ulificha, na asiyezaa akawa mwingine. Hilo sikumwambia. Alikuwa analia.

Siku chache baadaye idir ikakutana. Seyoum alirudi na uso uliochangamka, akaniambia wamepata njia. Watampelekea Askale merdo kamili, alfajiri, kama inavyotakiwa. Na wamekubaliana kwa kauli moja kwamba ni mke. Posa ilikubaliwa, pete ilivishwa, ni mfungo tu uliozuia, na Mungu anajua. Kwa hiyo atapewa yote ya mjane: hema, mabenchi, masufuria, watu wa kukaa naye siku tatu. Na Wubshet mwenyewe atamwita Weyzero mbele ya watu, ili lisiwepo tena la kumwita vingine.

Niseme ukweli, niliona ni jambo jema. Nilifikiri angalau ataondoka na kitu. Usiku ule nilichemsha mbaazi na ngano za matanga pamoja na wanawake wenzangu, na mmoja wao akasema Askale atafurahi kidogo katika huzuni yake, na hakuna aliyembishia.

Tulikwenda kabla ya jogoo wa pili. Baridi ilikuwa inakata masikio. Wazee walitangulia, Wubshet mbele na fimbo yake, kasisi kando yake, sisi wanawake nyuma tumejifunika mashali. Vijana walikuwa wamekwisha kuliteremsha hema kwenye mkokoteni kule kona, wanangoja ishara. Wubshet akagonga.

Mlango ulifunguliwa upesi. Askale alikuwa amevaa, amejifunga shali, nywele zimesukwa. Nilifahamu hapo kwamba ile tabia ya kuamka gizani hakuiacha hata siku moja. Akatutazama mmoja mmoja. Aliponifikia mimi nikatazama chini.

"Weyzero Askale," Wubshet akaanza.

Hakuhitaji kuendelea. Katika maisha yake yote hakuna mtu wa mtaa ule aliyethubutu kumwita hivyo usoni, na sasa alikuwa ameitwa na mwenyekiti wa idir, alfajiri, mbele ya kasisi. Akashika mwimo wa mlango.

"Semeni," akasema.

Wubshet akasema. Alisema vizuri, kwa maneno yale ya zamani, kwamba maua hunyauka na mashujaa huitwa na Mola wao, na kwamba mume wake Demissew aliitwa kule kaskazini, akiwa kijana, akiwa na heshima yake. Wanawake wakaanza kulia, nami nililia. Tulisogea kumdaka. Hakuanguka. Alinyoosha mkono mmoja, kama anavyotuzuia tusikanyage kitambaa alichokitandaza sakafuni, nasi tukanyamaza.

"Lini?" akauliza.

Wazee wakageuka kumtazama Wubshet.

"Gashe, nakuuliza wewe. Lini mlijua?"

Mzee angeweza kudanganya. Kasisi alikuwa pale, na alfajiri ile ilikuwa ya merdo, na kwenye merdo hudanganyi. Akamtajia mwaka.

Nikamwona Askale akihesabu. Midomo yake ilikuwa inatembea pole pole, kama mtu anayepima kitambaa.

"Mwalimu Gizaw alinitumia wazee mwaka uliofuata," akasema. "Wewe ndiye uliyewaongoza, Gashe. Uliketi pale, kwenye kigoda kile. Nikakuambia nina mtu wangu. Ukaniambia, binti, fikiri vizuri. Nikakuambia, mtu wangu yu hai, kama angekufa mngenigongea. Ukanywa kahawa yangu mpaka kikombe cha tatu, ukanibariki, ukaondoka."

"Nilitaka ukubali," Wubshet akasema. Sauti yake ilikuwa haisikiki vizuri. "Naapa mbele ya Maria, binti yangu, nilitaka ukubali. Nilidhani ukiolewa haitakuwa na haja tena ya kukuambia."

"Nilikuwa na miaka thelathini."

"Ndiyo."

"Ningeweza kuzaa."

Kasisi akaanza kusema jambo la mapenzi ya Mungu. Mimi, sijui nilipata wapi ufidhuli, nilimshika joho, akanyamaza.

Wubshet alijaribu kumpa kile walichomletea. Akamweleza kuhusu hema, na mabenchi, na siku tatu, na kwamba idir nzima imekubali, kuanzia leo yeye ni Weyzero, mke wa marehemu, na kibao chake wao wenyewe watamlipia fundi akibadilishe. Alikuwa anasema haraka haraka, na kadiri alivyosema ndivyo maneno yalivyozidi kuwa madogo. Askale alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza hata mara moja, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mmeninyima waume wawili," akasema, "halafu mmeniletea neno. Rudini nalo."

Akaingia ndani. Hakuufunga mlango, kwa sababu kwetu mlango wa msiba haufungwi, na hata siku hiyo hakuvunja desturi ambayo sisi tuliitumia kumvunja yeye. Nikamfuata. Alikuwa ameketi sakafuni kati ya cherehani na kitanda, amelitoa shali kichwani. Nikapiga magoti nimkumbatie, nikaanza kumlilia Demissew kwa sauti, kama inavyompasa jirani kuanzisha kilio. Akaniziba mdomo kwa kiganja chake, bila ukali.

"Huyo nilimlilia zamani, Yeshimebet," akaninong'oneza. "Kila Pasaka nilimlilia, na asubuhi nikajisuta kwa kumlilia mtu aliye hai. Machozi yake yamekwisha. Niache nimlilie mwingine."

Kisha akaanza. Alijipiga kifua mara ya kwanza polepole, kisha kwa nguvu, akaita jina, na wanawake waliokuwa mlangoni wakatazamana, kwa maana halikuwa jina tulilokuja nalo. Alimwita Askale. Akasema uso wake ulivyokuwa, na nywele zake zilivyofika kiunoni, na mikono yake iliyojua kazi. Akasema watoto aliokusudia kuwazaa, na majina ambayo angewapa, akayataja yote. Akamwuliza Askale kwa nini amekwenda bila kuaga, kijana hivyo, na nyumba ilikuwa inamngoja.

Vijana kule kona hawakujua wafanye nini, kwa hiyo walifanya walichoagizwa, wakasimamisha hema. Jua likatoka. Watu waliokuwa wanateremka kwenda sokoni waliliona hema, wakasimama, wakavua kofia, wakatuuliza nani amefariki. Wubshet aliwajibu kwamba ni W/r Demissew. Wakasikiliza kilio kilichotoka ndani, wakasikia jina lililokuwa likiitwa, wakauliza tena, na safari ile hakuna hata mmoja wetu aliyewajibu.